Slaidi Ipi? Uhakiki wa Istilahi za Picha za Filamu Zitokazo katika Kompyuta

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zilizomo katika kijitabu cha mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu, ambacho kimekuwa kikitumiwa na makarani na mabwana shamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kijitabu chenyewe hakina jina la mwandishi, nasi hatutaitaja ofisi iliyokitoa wala ofisi iliyokitumia, kwa kuwa hatukusudii kumwaibisha mtu. Tunalotaka kulionyesha ni jinsi neno moja, slaidi, lilivyoachwa libebe vitu viwili visivyofanana, na hasara iliyopatikana kwa sababu hiyo.

Tuanze na habari ya masanduku. Tulikuwa tumekwenda Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, kukusanya maneno ya kilimo cha migomba, kazi isiyohusiana hata kidogo na mambo ya picha. Siku ya pili alitujia bwana shamba mstaafu. Tulimwamkia, akaitikia, kisha bila kukaa akasema: "Si ninyi watu wa maneno? Basi njooni mwone neno lilivyotufanyia."

Alituongoza hadi nyuma ya ofisi, penye shimo la kuchomea taka. Kando ya shimo lilikuwapo sanduku la mbao lenye vijia vyembamba ndani yake, na katika kila kijia kimesimamishwa kipande cha filamu kilichobanwa katika fremu ya plastiki. Vipande vilikuwa zaidi ya mia mbili. Sanduku la pili la namna hiyo hiyo lilikuwa limekwisha kuchomwa asubuhi ile. Tulichokiona shimoni ni plastiki iliyoyeyuka na kugandamana, nayo ilikuwa bado ikinuka.

Karani aliyehusika ni kijana mwenye adabu na mwandiko mzuri, naye hakuficha lolote. Alitufungulia daftari lake la vifaa, mahali alipokuwa ameandika: "Slaidi, masanduku 2. Hazifunguki katika kompyuta. Hazina nakala. Zifutwe." Tulipomwuliza amepata wapi maagizo hayo, alituletea kijitabu tunachokihakiki, na humo tulisoma kwa macho yetu kwamba slaidi ni ukurasa mmoja wa wasilisho la kompyuta, na kwamba slaidi zisizofunguka tena zifutwe ili kuokoa nafasi. "Ndugu zangu," alisema, "mimi nilizijaribu kwanza. Hazina hata mahali pa kuchomeka."

Msomaji asimcheke. Karani huyu alizaliwa wakati ambapo slaidi za filamu zilikuwa zikienda zikitoweka, na maishani mwake neno slaidi amelisikia katika kompyuta tu. Alilitumia kama alivyofundishwa. Tena, ukiyatazama maneno aliyoyaandika, kila moja ni sahihi katika uwanja wa kompyuta: slaidi, kufunguka, nakala, kufuta. Balaa ilitokea maneno hayo yalipohama kutoka katika kompyuta na kuingia katika daftari la vifaa, kwa sababu katika lugha ya bohari kufuta si kubonyeza kitufe. Mali chakavu iliyofutwa huondolewa, na iliyoondolewa aghalabu huchomwa au hufukiwa. Mlinzi aliyepewa daftari alisoma "zifutwe", akatafuta kiberiti.

Sasa tutazame kilichokuwamo katika sanduku lililosalia. Sehemu kubwa ni picha zilizopigwa kwa kamera mashambani: migomba iliyotandazwa nyasi chini, mibuni iliyopandwa kati ya migomba, mashimo ya samadi, wakulima wakikata majani makavu. Juu ya fremu yamepigwa kwa taipu majina ya mahali: Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Mabira, na baada ya kila jina limeandikwa Karagwe. Mtu wa leo aweza kudhani lebo zimekosewa, kwa kuwa mahali hapo pote pamo katika Wilaya ya Kyerwa. Lakini Kyerwa ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mihuri ya tarehe iliyomo katika fremu hizo ni ya miaka ya 1990. Maana yake ni kwamba mashamba hayo yalipigwa picha kabla mnyauko wa migomba uletwao na bakteria haujaingia mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000. Bwana shamba wetu alizitoa moja moja, akaziinua kuelekea jua, akawa anataja aina za migomba iliyomo. Mara mbili alinyamaza kidogo kabla ya kutaja.

Sehemu ya pili ya slaidi hizo haina shamba wala mtu. Ni maandishi ya Kiswahili ya rangi ya njano juu ya buluu inayofifia kuelekea weusi, michoro ya nguzo za rangi rangi, na maelekezo mafupi kama vile nafasi ya mita 3 kwa 3 kati ya mgomba na mgomba. Hakuna alama ya mkono wa mchoraji. Tulipoyatazama maandishi hayo kwa kioo cha kukuzia, tuliona kwamba kingo za herufi zimejengwa kwa mistari membamba sana iliyolala sambamba. Hapo ndipo tulipotambua kwamba slaidi hizo ziliandikwa katika kompyuta, kisha zikatiwa katika filamu kwa mtambo maalumu. Mtambo huo ndio kijitabu kinauita "kirekodi filamu".

Kabla ya kulihukumu jina, yatupasa kukijua kitu chenyewe, maana makosa mengi ya istilahi hutokana na kutafsiri jina bila ya kuuliza kifaa kinafanya nini. Mtambo huu ni kisanduku kisichopenya mwanga. Ndani yake, upande mmoja, mna bomba dogo la kioo la jamii ya lile la televisheni za zamani, lakini lililo kali zaidi na litoalo mwanga mweupe tu. Upande wa pili mna kamera iliyotiwa filamu ya upana wa milimita 35, imelielekea bomba wala haitikisiki. Kati yao mna vichujio vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Kompyuta huupeleka ukurasa kwenye bomba, nalo huuchora kwa nukta ya mwanga inayokwenda mstari kwa mstari, mistari elfu mbili, elfu nne au hata zaidi. Ukurasa huchorwa kwanza kupitia kichujio chekundu, halafu cha kijani, halafu cha buluu, na mara zote tatu filamu hubaki pale pale, hivi kwamba rangi zote hukutana katika kipande kimoja. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa kwa picha moja. Baada ya hapo filamu husafishwa kwa dawa, hukatwa vipande vyenye picha ya milimita 24 kwa 36, na kila kipande hubanwa katika fremu ya milimita 50 kila upande. Filamu yenyewe si ile ya negativu, ambamo cheupe huonekana cheusi; ni ile ambayo ikisafishwa hutoa rangi kama zilivyo.

Kwa nini watu walijisumbua hivyo? Kwa sababu katika miaka ya 1980 na sehemu kubwa ya miaka ya 1990 kompyuta ilikuwa haina njia rahisi ya kuonyesha maandishi yake ukutani mbele ya watu wengi, ilhali projekta za slaidi zilikuwa zimeenea vyuoni, hospitalini na katika ofisi za kilimo. Programu ya PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 ilikuwa ya kutengenezea karatasi angavu zisizo na rangi. Toleo lake la mwaka 1988 ndilo lililoleta slaidi za rangi, na huko Marekani kampuni ya Genigraphics ilipokea faili za wateja kwa njia ya simu, ikazigeuza kuwa filamu na kuwarudishia slaidi zilizokwisha kutiwa fremu. Baadaye projekta zinazounganishwa na kompyuta moja kwa moja zikashuka bei, na kazi hiyo ikafifia. Kampuni ya Kodak ilikoma kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004.

Basi kwa miaka kama kumi na mitano hivi vitu viwili viliishi pamoja chini ya jina moja, na mtambo tuliouelezea ndio uliokuwa daraja kati yao. Lugha ya Kiingereza iliyaacha yaende hivyo, na wala haikupata taabu, kwa kuwa wasemaji wake walikuwa wakiviona vyote viwili mezani. Sisi tulilipokea neno likiwa limekwisha kuchanganyika. Mwandishi wa kijitabu, alipofika kwenye sura ya vifaa vilivyoachwa, alijikuta akiandika sentensi hii: "Ili kupata slaidi, slaidi huingizwa katika kirekodi filamu, nacho hurekodi slaidi." Tulimpa sentensi hiyo mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Kyerwa. Aliisoma mara mbili, kisha akatuuliza kama kuna mstari ulioruka wakati wa kuchapa.

Tulichunguze sasa hilo jina, "kirekodi filamu". Kiswahili kina utaratibu mzuri wa kuunda majina ya vifaa kwa kiambishi ki-, kitenzi na nomino. Kipimajoto hupima joto. Kinasasauti hunasa sauti. Katika majina haya nomino ya mwisho ni kile kinachotendwa na kitenzi: joto ndilo linalopimwa, sauti ndiyo inayonaswa. Kwa kanuni hiyo, msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa "kirekodi filamu" ataelewa kwamba filamu ndiyo inayorekodiwa, na hakika kila tuliyemwuliza Kayanga alijibu kuwa hicho ni chombo cha kuchukulia sinema, au video za harusi. Kumbe katika mtambo huu filamu hairekodiwi, bali ndiyo inayopokea. Mwandishi amechukua maneno mawili ya Kiingereza, akayapanga kwa mpangilio wa Kiswahili, wala hakuona kwamba uhusiano kati ya maneno hayo umegeuka. Wapo waliopendekeza "kinasafilamu" wakidhani wamelitatua jambo. Kosa ni lile lile limevaa kanzu nyingine.

Pendekezo jingine tulilokutana nalo, na ambalo limo katika kijitabu kwenye mabano, ni "kitelezi" badala ya slaidi. Mwenye kulipendekeza alijua asili ya neno la Kiingereza, maana katika taa za picha za karne ya 19 kipande cha kioo kilichochorwa kilitelezeshwa ndani ya taa kutoka ubavuni. Ujuzi huo tunauheshimu, lakini hautusaidii. Katika projekta zilizofuata slaidi haitelezi. Hudondoka kutoka katika gurudumu, kisha huinuliwa. Na katika kompyuta haitelezi wala haidondoki. Isitoshe, kwa mkazi wa Karagwe au Kyerwa anayesafiri barabara za vumbi wakati wa masika, mzizi huo una maana moja nzito ya utelezi, wala si ya kupendeza. Kijana mmoja tuliyemsomea neno hilo alituuliza kama ni aina ya kandambili.

Hapa inafaa tutaje pendekezo la wenyeji, kwa sababu lilitolewa kwa nia njema na kwa hoja. Mzee mmoja alituambia: Kiswahili kimekwisha kuchota katika lugha za mkoa huu, kwani neno ngeli wanalolitumia wanasarufi limetoka katika Kihaya, basi kwa nini kisichote tena? Katika Kinyambo na lugha jirani zake picha huitwa ekishushani, kutokana na kitenzi chenye maana ya kufanana. Je, slaidi ya filamu isiitwe kishushani? Tulilipenda wazo hilo kuliko tulivyopenda "kitelezi". Sera ya kuchota istilahi katika lugha za Kibantu kabla ya kukimbilia ng'ambo ni sera tunayoiunga mkono. Lakini katika Kiswahili kushusha ni kuteremsha, na mtu wa Tanga au wa Unguja akisikia kishushani atawaza kuhusu kupakua mizigo. Mzee alicheka alipoelezwa, akasema basi na liachwe, ila tuandike kwamba lilipendekezwa. Nasi tumeandika.

Twende kwenye neno slaidi lenyewe. Tunakiri kwamba tulipoanza kazi hii tulikuwa na jibu tayari mkononi: slaidi libaki kuwa jina la kipande cha filamu, na ule wa kompyuta uitwe ukurasa. Tuliona jibu hilo ni safi, na tulilipeleka kwa walimu wa Kyerwa tukitarajia kusifiwa. Walilikataa. Mwalimu yule yule aliyeona mstari umeruka alitueleza hivi: "Ukurasa tunausoma. Slaidi tunaionyesha. Nikiwaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa tatu, watafungua kitabu." Wenzake waliongeza kwamba wanafunzi wamekwisha kulizoea neno slaidi katika kompyuta, na kwamba mtihani haungoji wataalamu wa istilahi. Tulijaribu kutetea, lakini hoja yao ilikuwa na nguvu kuliko yetu. Istilahi inayomlazimisha mwalimu aeleze kila siku kwamba hakukusudia kitabu haijaokoa kitu.

Kwa hiyo tunapendekeza neno slaidi liachwe kwa vyote viwili, ila kila mahali ambapo vitu hivi viwili vinaweza kukutana, na hasa katika madaftari ya vifaa, orodha za makumbusho na maagizo ya kuhifadhi, isiruhusiwe kusimama peke yake. Iandikwe slaidi ya filamu au slaidi ya kompyuta. Najua wako wenzetu watakaosema kwamba maneno matatu ni mengi mno kwa istilahi moja, na kwamba istilahi bora ni fupi. Ufupi ni sifa njema, lakini katika daftari la Kayanga neno fupi liligharimu sanduku zima.

Kwa upande wa mtambo, tulimweleza mpiga picha mmoja wa Kayanga, mtu mwenye studio ndogo na aliyewahi kusafisha filamu kwa mikono yake, jinsi kisanduku kile kinavyofanya kazi, pasipo kumtajia jina lolote. Alisikiliza hadi mwisho akasema: "Kumbe hiyo inapiga slaidi." Kitenzi alichokichagua ndicho alichonacho kila mtu: hupigwa picha, na picha hiyo ni zao la kupiga, haikuwapo kabla. Ndivyo ilivyo katika mtambo huu pia, kwa kuwa ndani yake kamera huipiga picha nuru ya bomba. Hivyo tunapendekeza kipigaslaidi. Nomino ya mwisho inakaa mahali pake, kitenzi ni cha wananchi, na hakuna atakayedhani ni chombo cha harusi. Sentensi ya kijitabu sasa yaweza kuandikwa hivi: ili kupata slaidi ya filamu, slaidi ya kompyuta hupelekwa katika kipigaslaidi, nacho huipiga kwenye filamu. Tulimrudishia mwalimu sentensi hii. Aliisoma mara moja tu, akaendelea na kazi zake.

Limebaki suala la vitenzi, ambalo waandaaji wa orodha za istilahi hulipuuza kwa kuwa huhesabu nomino tu. Kufungua na kufuta vimeingia katika lugha ya kompyuta kwa maana za mfano, navyo vinafaa humo. Lakini kijitabu kinachowafundisha watu kutunza vitu vinavyoshikika na visivyoshikika kwa pamoja hakina haki ya kuvitumia bila ya kutofautisha. Slaidi ya filamu haifunguliwi, huangaliwa. Haihitaji umeme wala programu. Mwanga wa dirisha unatosha, kama bwana shamba alivyotuonyesha kando ya shimo. Kwa vitu vya bohari tunapendekeza kuondolewa katika daftari, na kando yake iandikwe kitu kinapelekwa wapi. Neno kufuta libakizwe kwa herufi na faili.

Sanduku lililosalia limerudishwa ndani, na karani amefuta, kwa kalamu, maandishi yake ya zamani. Alituomba tumwandikie maelezo mapya, tukamwachia ayaandike mwenyewe: "Slaidi za filamu, sanduku 1. Picha za migomba na kahawa, Karagwe na sehemu ambazo sasa ni Kyerwa, miaka ya 1990. Baadhi zimepigwa kwa kipigaslaidi. Ziangaliwe kwa mwanga. Zisifutwe." Neno la mwisho hatukumsahihisha.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni, hasa juu ya ile fremu ya plastiki au karatasi ngumu inayokibana kipande cha filamu. Kijitabu hakikuipa jina kabisa. Mpiga picha wa Kayanga anaiita fremu, bwana shamba anaiita kibanio, na sisi bado hatujaamua.